Kunyonya na Kunywa

Mambo makubwa huandikiwa vitabu, na mambo madogo hupita nyumbani kila siku pasipo mtu kuyatilia wino. Kumfunza mtoto kunywa katika kikombe kisicho na mfuniko ni mojawapo ya haya ya pili. Msomaji aliyezoea habari za watawala, safari na mashairi ya kale aweza kuuliza ni elimu gani itakayopatikana katika kikombe cha mtoto asiyetimiza miaka miwili. Simlaumu, kwani fikira hiyo nilikuwa nayo mimi mwenyewe. Nilisomesha Kiswahili katika skuli za Unguja kwa miaka 31, na katika muda huo wote sikupata kukitazama kikombe zaidi ya kukinywea. Walakini mwaka jana kikombe kimoja cha plastiki kilizusha mabishano katika nyumba yangu ya Kiponda, kikawatoa machozi watu watatu walio katika nchi mbili, na kikanifunza jambo juu ya lugha niliyoisomesha.

Binti yangu alikuwa amepata kazi ya nyumbani Maskati, kwa mkataba wa miaka miwili. Njia baina ya Unguja na Omani ni ya kale, na watu wa pande mbili wameipita kwa biashara, kwa utawala na kwa udugu. Miongoni mwa waipitao siku hizi mna wanawake vijana waendao kulea watoto wa watu ili wapate kuwalisha wa kwao. Mwanawe alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye hata atimize miaka miwili au zaidi, na binti yangu aliambiwa hayo kliniki. Lakini mkataba haukuhesabu miezi ya mtoto. Basi alimlikiza kwa majuma mawili, kwa dawa ya mama zetu, yaani kujipaka shubiri katika chuchu mpaka mtoto akachukia mwenyewe. Siku moja kabla ya safari alikwenda Darajani, akarudi na kikombe.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Kilikuwa cha plastiki ya rangi ya samawati, kina mikono miwili, kimekazwa mfuniko, na juu ya mfuniko palitokeza mdomo mfupi uliotobolewa vitundu. Mtoto hutia mdomo ule kinywani akavuta. Ndani yake mna kizibo laini kinachofunguka kwa mvuto na kujifunga mvuto ukikoma, hata kikombe kikianguka ngazini hakimwagi kitu. Chombo hiki hakina jina moja katika Kiswahili. Muuzaji alikiita kikombe cha mtoto; nasi nyumbani tulikiita kikombe cha mdomo.

Mama alikwenda, kikombe kikabaki. Mke wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, alimwita mtoto mke mwenzake, na mimi nikamwita Bi Mdogo, na jina hilo likashika nyumba nzima. Bi Mdogo alitembea na kikombe chake ghorofani na uani, akala nacho, akalala nacho. Tulikitia chai ya maziwa yenye sukari, kwani ndicho kinywaji alichokikubali upesi katika siku zile za kumlilia mama. Usiku akizinduka, mkono wake ulikitafuta kikombe kabla macho hayajafumbuka. Akikipata hulala tena. Mama yake alipopiga simu na uso wake kuonekana, mtoto alikiinua kikombe akakigusisha kwenye kioo cha simu ili mama naye anywe. Mama alikunywa kwa kuigiza, akashukuru. Nasi tuliokuwa pale tulitazama pembeni.

Miezi minane ikapita hivyo. Siku moja tulimpeleka kliniki kupimwa uzito, na muuguzi akamfungua mdomo. Alitwonyesha madoa ya rangi ya kahawia katika meno ya mbele ya juu, karibu na ufizi. Akauliza, "Usiku hunywa nini?" Tulipomjibu hakutukemea. Alitueleza kwamba mate ndiyo maji yanayoyasafisha meno, na mtu akilala mate hupungua. Basi mtoto anayevuta chai tamu kidogo kidogo usiku kucha, meno yake hulala ndani ya sukari. Akasema usiku apewe maji matupu, na mchana afunzwe kikombe cha kawaida, kwani wataalamu wa watoto hupenda mtoto aziache chuchu za chupa na vyombo vya namna hiyo baina ya miezi 12 na 18, na huyu alikwisha kupita.

Mabishano yalianzia njiani. Mke wangu alitaka kikombe kiondolewe siku ile ile. Mimi nilisema ni haki mama mtu aambiwe kwanza. Jioni tukamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, chai muiache, lakini kikombe msimnyang'anye. Ndicho nilichomwachia. Ngojeni nirudi." Muda uliosalia ulikuwa mwaka mmoja na miezi minne. Nilimwahidi binti yangu kwamba tutangoja, na nilipoahidi nilijiona baba mwenye huruma.

Mke wangu hakuahidi neno. Usiku wa siku ya tatu alitia maji matupu katika kikombe, na mdomo wa kikombe akaupaka shubiri. Alisema dawa iliyomlikiza mtoto katika ziwa la mama haiwezi kushindwa na plastiki. Bi Mdogo alikitia kinywani, akakitoa, akakunja uso. Hakupiga kelele. Alikitazama kikombe, akamtazama bibi yake, akasema, "Chungu." Kisha akakinyoosha mkononi kwa bibi, kama mtoto ampavyo mkubwa kitu kilichoharibika ili akitengeneze. Hapo mke wangu alilia. Alikichukua kikombe akakiosha kwa maji mengi mbele ya mtoto, akakirudisha. Katika kuosha alikibandua kile kizibo laini kwa ncha ya sindano, jambo ambalo hatukupata kulifanya hata mara moja, akakuta chini yake ukungu mweusi.

Usiku ule sikulala vyema, na kukosa usingizi ni hakimu mkali. Niliiuliza nafsi yangu kama kweli nilikubali kungoja kwa ajili ya binti yangu. Jibu halikuwa zuri. Nyumba yetu ina ngazi ndefu, na chumba changu cha ghorofa ya pili kimejaa vitabu na makaratasi, mengine chini juu ya mkeka. Kwa miezi minane mtoto alicheza humo na kikombe mkononi, na hakuna ukurasa hata mmoja uliolowa. Tena maji kwetu ni kitu cha hesabu. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuletea mji huu maji ya mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu. Hata hivyo mfereji wetu hutoa kwa saa zake, na yanayowekwa akiba hupandishwa ngazi kwa ndoo. Kila nilipofikiri juu ya kikombe cha wazi katika mikono ile midogo, niliona mkeka uliorowa na ndoo nyingine ya kupandisha. Mfuniko ule ulikuwa kinga yangu mimi, wala haukuwa kinga ya mtoto.

Baadaye nilisoma kwamba asili ya chombo hiki inathibitisha maungamo yangu. Mmoja wa waliokibuni ni mhandisi wa Marekani, Richard Belanger, na sababu yake ilikuwa kuchoka kufuta vinywaji alivyovimwaga mwanawe mdogo. Baadaye kikaenea duniani. Sina shutuma juu ya baba yule. Alitaka kuiokoa nyumba yake na matone, akafaulu. Kosa ni letu tuliofuata, tulipodhani kwamba kilichobuniwa kwa raha ya mzazi ni hatua ya lazima katika makuzi ya mtoto. Watoto wa pwani hii walitoka katika ziwa wakaenda moja kwa moja kwenye kikombe, kata au bakuli, wala hapakuwa na chombo cha kati.

Hapa ndipo lugha iliponisuta. Kiswahili kina maneno mawili mbalimbali: kunyonya na kunywa. Anyonyaye huvuta, chombo kiko kinywani mwake, midomo imekishika, naye hana haja ya kujua kilichomo ni kingi au kichache. Anywaye hukiona kinywaji kikimjia. Hukiinamisha chombo kwa mkono wake, hukiwekea mdomo wa chini, hukingoja kifike, hufunga kinywa akameza, kisha hukirudisha kabla hakijamfurika. Mkono, jicho, mdomo na ulimi hupatana. Miezi minane tulikuwa tukisema, "Bi Mdogo anakunywa chai." Hakika alikuwa akinyonya. Ziwa liliondoka, lakini kunyonya kulibaki, na sisi tuliliita jambo moja kwa jina la jingine. Mimi niliyewatoza wanafunzi alama kwa kuchanganya maneno mepesi kuliko hayo, sikulisikia kosa hilo nyumbani mwangu.

Walakini kujua kosa si kujua dawa. Dawa niliiona mwezi wa Julai, Makunduchi, tulipokwenda kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa huko. Ilikuwa sikukuu ya Mwaka Kogwa, na desturi ya Mwaka ni kwamba mwenyeji asikose mgeni nyumbani. Basi wajukuu walijaa ua mzima. Upande ule wa kusini ni nchi ya maweni. Mvua hunyesha ikazama katika jiwe, na zamani watu walifuata maji visimani na mapangoni. Dada yangu sasa ana mfereji uani, lakini hakuuacha mtungi wake, nao hukaa kivulini, umefunikwa, na juu ya kifuniko imelazwa kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu.

Watoto walikuwa wakienda mtungini mmoja mmoja. Mkubwa wao huchota, huwamiminia wadogo katika kikopo cha bati, naye hunywa mwisho. Bi Mdogo alisimama akatazama. Alikuwa na kikombe chake mkononi. Akakiweka chini, akaiendea kata, akaishika mpini akaivuta. Nikanyanyuka kumzuia. Dada yangu akasema, "Kaa, mdogo wangu. Mtoto akililia wembe mpe." Nikamjibu, "Dada, atamwaga maji yako." Akacheka, "Kwani wewe hukuyamwaga? Mtungi huu ulimwagwa na baba zake wote hawa."

Kata ikainuliwa na mikono miwili ya mtoto na mmoja wa binamu yake. Maji yalimwagika kifuani, yakaingia puani. Mtoto akapaliwa, akakohoa, macho yakamtoka. Ua wote ulicheka, kisha naye akacheka, akaitaka tena. Mara ya pili aliyoyameza yalikuwa funda moja. Mara ya tatu mafunda mawili. Nguo yake ilirowa mpaka magotini, na ardhi ya Makunduchi iliyanywa yaliyobaki. Nilikaa juu ya mkeka nikiona haya. Dada yangu, aliyekuwa akichukua maji kichwani tangu utotoni, hakuyahesabu yale yaliyomwagika; na mimi mwenye mfereji, nilimnyima mjukuu wangu kikombe kwa kuogopa gao moja la maji.

Tuna methali isemayo maji yakimwagika hayazoleki. Hutumiwa kumwonya mtu mzima, na kwa mtu mzima ni onyo la haki. Tukilichukua onyo hilo tukamwekea mtoto, tutamzuia kufika pale anapoweza kuonywa. Mtoto asiyepewa chombo kinachomwagika hajui kumwaga ni nini, wala kutunza ni nini. Kikombe cha mdomo hakimwadhibu anayekitupa wala hakimlipi anayekishika vyema. Kwake mambo hayo mawili ni sawa. Kikombe cha wazi hutofautisha. Humwambia mtoto papo hapo, bila ukali na bila upendeleo, matokeo ya tendo la mkono wake.

Tuliporudi mjini sikutaka tena shubiri wala kunyang'anya. Nilikwenda kwenye baraza ninakokaa na wazee wenzangu baada ya alasiri. Muuza kahawa huja na dele lake na finjani zake, akizigonganisha kwa vidole ili tumsikie. Finjani ya kahawa ni ndogo, haina mkono, ukingo wake ni mwembamba, na ndani yake hamwingii zaidi ya mafunda machache. Niliitazama nikaona kwamba ni kikombe cha mtoto kilichokuwa mikononi mwa wazee. Nikanunua mbili. Kuanzia siku ile Bi Mdogo alikuja nami barazani. Sisi tulikunywa kahawa, yeye akanywa maji, nusu finjani kwa mara moja, amekaa kitako kama sisi. Nilimfunza kama nilivyofunzwa: akae, ashike kwa mkono wa kulia na wa kushoto usaidie, aseme bismillahi, anywe kidogo, apumzike, anywe tena. Wazee walimsifu kwa kila funda. Yaliyomwagika yalishuka katika mawe ya njia, na hakuna mkeka uliorowa.

Nyumbani kikombe cha mdomo hatukukificha. Tulikiacha mahali pake, lakini ndani tulitia maji tu, na kizibo tulikitoa kabisa, hata kikawa kinadondoka kikiinamishwa. Chai ya maziwa, iliyopunguzwa sukari, ilipatikana katika finjani peke yake, na mchana peke yake. Juma la kwanza aliamka usiku mara tatu akalia, na mke wangu akamchukua begani akatembea naye chumbani. Juma la pili alilia mara moja moja. Katika juma la tano alilala na kikombe pembeni bila kukigusa, na katika la sita alikisahau ghorofani. Kanga kuukuu ya kufutia sakafu ilianikwa kila siku katika majuma hayo. Kitabu kimoja kilirowa, nacho kilikuwa changu, kwa kuwa nilikiacha wazi chini. Bibi yake alisema mafunzo ya kutunza vitu yamempata aliyeyahitaji.

Jambo jingine lilinipa utulivu. Finjani haifichi uchafu; ukiiangalia mara moja umeiona yote. Katika mji wetu hilo si jambo dogo. Daktari James Christie, aliyekuwa hapa wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alitoa mwaka 1876 kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki, na tangu zama hizo hata zetu kipindupindu kimerudi Unguja zaidi ya mara moja. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, na chupa na chuchu zake zikatiwa ndani ya kanuni hizo. Wauguzi nao huwafunza mama kumnywesha hata mtoto mchanga kwa kikombe kidogo, pale asipoweza kunyonya, kwa kuwa kikombe huosheka. Yote hayo nilikuja kuyajua baada ya kuuona ule ukungu mweusi. Laiti ningeyajua kabla.

Lilibaki jambo la ahadi. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu kungoja, na sikungoja. Ijumaa moja alipopiga simu, nilimpa Bi Mdogo finjani yenye maji. Sikutangulia kueleza kitu. Mtoto alikaa, akatamka bismillahi yake isiyokamilika, akanywa, akaishusha, kisha akaigusisha finjani kwenye kioo cha simu kama desturi yake. Mara hii maji yalimwagika juu ya simu. Mama yake alicheka, na baada ya kucheka akafunika uso kwa ushungi. Hakuna aliyesema. Kisha akauliza, "Kikombe changu kiko wapi, Baba?" Nikamwonyesha kabatini, kimeoshwa, kimekauka, kina mfuniko wake. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuahidi jambo ambalo halikuwa langu kuliahidi." Alikaa kimya, akasema, "Nilidhani nikirudi nitamkuta pale pale nilipomwacha." Nami nilimjibu kwa haki kwamba hapana mtoto akaaye pale pale, na kwamba meno yake ya mbele hayakuzidi kuharibika. Tangu siku ile hajataka tena habari za kikombe. Huuliza mtoto amekunywa nini, na je, ameimwaga?

Miezi ya mkataba iliyosalia ni minne. Bi Mdogo sasa hupanda ngazi peke yake. Jana alasiri nilikuwa chumbani nikiandika maneno haya, nikasikia hatua zake, akisimama kila daraja. Alifika mlangoni ameishika finjani kwa mikono miwili, macho yameikazia. Kutoka chini hadi ghorofa ya pili maji yalikuwa yamemwagika njia nzima, na yaliyobaki hayakutimia mafunda mawili. Akanipa. Niliondoa makaratasi, nikakaa kitako, nikanywa, nikamrudishia finjani na kumshukuru. Akageuka akashuka kuleta mengine.